Daftari Lenye Safu Mbili: Tulivyouanzisha na Nusura Tuupoteze Umoja wa Wanawake wa Kanisa Letu la Methodisti

Mwaka 2009 mama mmoja wa kanisa letu aliugua kwa wiki tatu, akafariki, na wengi wetu tulipata habari ya ugonjwa wake siku ile ile tuliyopata habari ya kifo chake. Alikuwa na desturi ya kuketi benchi la nne, upande wa dirisha, na kwa Jumapili tatu mfululizo benchi lile lilikuwa na pengo ambalo sote tuliliona. Mimi mwenyewe nililiona, nikadhani amekwenda kwa binti yake Mombasa. Tulipokuwa matangani tukichagua mchele, jirani yake, mama wa Kiislamu asiye na uhusiano wowote na kanisa letu, alitueleza jinsi alivyokuwa akimpikia uji, kumfulia na kumgeuza kitandani siku zote hizo. Hakutulaumu hata kidogo. Alisema tu kwamba kila jioni marehemu alikuwa akiuliza kama kuna mtu aliyefika kutoka kanisani.

Umoja wetu wa wanawake ulizaliwa katika matanga yale. Naandika habari zake kwa sababu akina mama wa makanisa mengine ya sakiti yetu, yaani makanisa jirani yaliyounganishwa pamoja, wamekuwa wakinijia kutaka kujua tulivyofanya, na nimejigundua kuwa kila mara nawasimulia yaliyofaulu na kuyapita mbio yale yaliyotuumiza. Hapa nitajitahidi kufanya kinyume chake.

Kanisa letu ni dogo, liko Kaunti ya Kilifi, si mbali sana na Ribe, ambako kazi ya Wamethodisti nchini Kenya ilianza mwaka 1862 mmisionari Thomas Wakefield na wenzake walipofika wakiongozwa na mmisionari Mjerumani, Ludwig Krapf. Ushirika wa wanawake ulikuwapo katika sakiti na sinodi, yaani ngazi iliyo juu ya sakiti, tangu zamani, ila kwetu ulikuwa jina tu: mama wawili walihudhuria mikutano ya juu, wakarudi na salamu, basi. Kwa hiyo tulipokutana wanawake 18 chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa, wiki mbili baada ya maziko, tuliona kama tunaanza kitu kipya kabisa. Mwinjilisti alituombea, akatuachia nafasi tuzungumze wenyewe.

Kosa la kwanza tulilifanya siku hiyo hiyo, tena kwa furaha. Kikao cha kwanza na cha pili tulivitumia kuchagua mwenyekiti, katibu, mtunza hazina na manaibu wao. Cha tatu tukakitumia chote kwa habari ya sare. Swali lililotukusanya, yaani nani atakwenda kumwona nani na siku gani, halikuulizwa. Kila mmoja alidhani limekwisha kujibiwa kwa kuwa tumekwisha kuwa umoja. Nikishauriwa leo na watu wanaoanza, huwaomba kikao cha kwanza kisichague mtu yeyote ila wa kuandika majina, na kimalizike kila mwanamke akijua nyumba mbili atakazozitembelea kabla ya kukutana tena. Vyeo vinaweza kungoja miezi mitatu, na muda huo utawaonyesha wenyewe ni nani hufika bila kuitwa.

Habari ya sare nitaieleza kwa urefu kidogo kwa kuwa mimi ndiye niliyeishikilia. Nilikuwa nimeona picha za wanawake wa Manyano, umoja wa wanawake Wamethodisti wa Afrika Kusini, na blauzi zao nyekundu na kola nyeupe, na nilikuwa nimesikia habari za Rukwadzano, umoja kama huo wa Zimbabwe, ulioanza mwaka 1929. Nikatoa hoja ambayo bado naiamini: kwamba sare hufuta tofauti kati ya anayevaa kitenge kipya kila Pasaka na asiye na cha kubadili. Nilichokisahau ni kwamba sare haifuti chochote ikiwa wengine hawawezi kuinunua. Kitambaa na ushonaji vilifika shilingi 1,800 kwa kila mmoja, na tuliweka siku ya mwisho ya kulipa. Wanawake watano hawakuweza. Wawili walikopa, mmoja akauza mbuzi wake, na wawili wakaacha kuja vikaoni. Jumapili ya kuvaa sare kwa mara ya kwanza tulisimama mbele ya madhabahu tukaimba, na wawili wale walikuwa nyuma kabisa, wamevaa nguo zao za kila siku, kila mtu akiwaona. Nilidhani nimeleta usawa, na hapo hapo nilikuwa nimewatenga.

Baadaye tulirekebisha: umoja hununua kitambaa kwa jora, mshonaji ni mwanachama mwenzetu, malipo ni ya kidogo kidogo kwa mwaka mzima, na hakuna siku ya kuvaa sare mpaka wote waliojiandikisha wawe nayo. Wa mwisho kupata ndiye anayetuamulia siku.

Siku ya kukutana nayo ilitushinda kwanza. Tuliichagua Jumamosi kwa kuwa walimu na wenye ajira walikuwa na nafasi. Hatukukumbuka kwamba huku kwetu Jumamosi ni siku ya maziko, harusi na kufua. Kati ya vikao 12 vya kwanza, vitano havikufanyika. Wanawake wa Manyano wanajulikana kwa mikutano yao ya Alhamisi, na sababu yake imo katika kazi zao: Alhamisi alasiri ndiyo iliyokuwa nafasi ya wengi waliofanya kazi za nyumbani kwa watu. Wao waliuliza kwanza mwanamke yuko huru lini. Tulipouliza swali hilo kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba, jibu lilikuwa Jumatano, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, baada ya shamba na kabla ya kuchota maji ya jioni. Hatujabadilisha tangu hapo.

Sasa fedha. Mchango wetu ulikuwa shilingi 20 kwa wiki, na shilingi 100 kila tulipofiwa. Katiba tuliinakili kutoka kwa chama cha kukopeshana cha jirani, tukabadilisha jina tu, kwa hiyo ilikuwa na kanuni nyingi za riba na faini lakini haikuwa na hata sentensi moja juu ya mgonjwa. Fedha zenyewe zilikaa katika kijisanduku cha bati chumbani kwa mtunza hazina. Mwaka wa pili tulipohesabu tukakuta pungufu ya shilingi 23,400. Kwa siku nne kijiji kizima kilikuwa kikinong'ona kwamba ameiba. Ukweli ni kwamba mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto aliyelazwa hospitalini, akamwendea usiku akilia, naye akampa fedha zile bila kuandika popote, kwa kuwa aliyepewa aliona aibu na aliomba isitangazwe. Alifanya lile lile tulilouanzishia umoja. Lakini kwa kuwa halikuandikwa, lilimvunjia heshima, na ingawa fedha zililipwa zote baada ya miezi saba, mama yule hakukubali tena cheo chochote, wala simlaumu.

Kutokana na hilo tulifungua akaunti ya benki. Tulihitaji cheti cha usajili kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii, nakala ya katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kufungua akaunti, na vitambulisho vya watia sahihi watatu. Ilituchukua safari nne za mjini, mbili kati yake za bure kwa sababu muhtasari wetu haukuwa na sahihi ya mwenyekiti na tarehe. Wanaoanza leo waisome Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, ambayo inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, na wamwulize mchungaji wao kwanza namna kanisa linavyotaka vikundi vyake visajiliwe, wasije wakaonekana wanaanzisha chama cha pembeni. Jambo moja zaidi: watia sahihi wasiwe ndugu wala majirani wa ukuta mmoja. Tuliandika pia kifungu cha siri, nacho ninakipendekeza kwa kila mtu. Kinaruhusu wanawake watatu waliochaguliwa kutoa msaada wa haraka hadi kiasi kilichowekwa, wakauandika kwa namba badala ya jina, na mkaguzi peke yake ndiye anayeiona orodha ya majina. Mwenye shida anasitiriwa, na anayemsaidia analindwa.

Shida iliyofuata ilitoka upande ambao hatukuutazamia. Paa la kanisa lilikuwa linavuja, na mkutano wa viongozi ukaomba umoja ukopeshe shilingi 60,000 za kununulia mabati. Tulitoa. Zilirudi shilingi 15,000, kisha kimya. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba fedha za akina mama ni fedha za kanisa. Jibu hilo lilitugawanya, kwa sababu wengi wetu tuliliona ni la kweli na bado tulihisi tumeonewa. Wakati huo ndipo niliposoma habari za Chama cha Wanawake cha Misheni za Nje kilichoanzishwa na Wamethodisti wa Boston, Marekani, mwezi Machi 1869, siku ya mvua kubwa, na wanawake wachache mno waliothubutu kutoka. Walikubaliwa na kanisa lao kwa sharti kwamba wasikusanye michango yao katika ibada za kanisa, wasije wakapunguza sadaka za misheni za kawaida. Ungedhani sharti hilo lingewaua. Wao wakaenda nyumba kwa nyumba wakiomba senti 2 kwa wiki na sala moja, na kabla ya mwaka huo kwisha walikuwa wamewapeleka India mwalimu Isabella Thoburn na daktari Clara Swain.

Nilijifunza kwao kwamba mpaka ulioandikwa unaweza kuleta amani. Tulirudi kwa viongozi bila hasira, tukapendekeza kwamba sehemu ya kumi ya mapato yetu iende kwa kanisa kila robo mwaka bila kuombwa, na zilizobaki ziamuliwe na wanawake wenyewe kwa ajili ya wagonjwa, wafiwa na karo ya mayatima. Tukaomba jambo hilo liingie katika muhtasari wa mkutano wa viongozi, wala lisibaki katika muhtasari wetu peke yetu. Liliingia. Deni la mabati tulilisamehe kwa maandishi. Viongozi wamebadilika mara tatu tangu hapo, na kila wapya wakiuliza, tunawaonyesha ukurasa.

Hata hivyo, hakuna kati ya hayo lililokuwa karibu kutuua kama lile nitakalolieleza sasa, nalo halikuonekana kuwa kosa kabisa. Baada ya aibu ya kijisanduku tuliamua kwamba kila kitu kiwe wazi. Kila Jumatano, kabla ya kuomba, katibu alisimama na daftari akayasoma majina yote kwa sauti, na kila mmoja alijibu kwa kuleta shilingi 20 zake mezani. Katibu alikuwa mimi. Niliona fahari kwa usafi wa hesabu zetu. Wasiokuwa nazo walijibu "wiki ijayo", na wiki iliyofuata walikuja na 40, au hawakuja.

Jumatano moja ya mwaka 2012 nililisoma jina la mjane mmoja aliyekuwa akiuza muhogo wa kukaanga barabarani. Hakujibu. Nikalirudia, nikidhani hakusikia. Alikuwa ameketi karibu na mlango, khanga imefunika mabega, na mkononi alikuwa ameshika fundo la leso ambalo alikuwa akilifungua na kulifunga. Aliinuka akaja mbele, akafungua fundo lile juu ya meza yangu. Mlikuwa na sarafu tatu, moja ya shilingi 5 na mbili za shilingi 1. Akasema, "Ndizo hizi, mama katibu," akatoka nje. Niliandika 7 mbele ya jina lake kwa sababu sikujua la kufanya, tukaendelea na sala. Hakurudi kwa mwaka mmoja na nusu. Hatukuwa tumewahi kuwa zaidi ya wanawake 43, na kufikia mwisho wa mwaka ule tulikuwa tumebaki 11, wote wenye uwezo wa kulipa.

Tuliitana tukasema kwamba wanawake wa siku hizi hawana moyo. Hata muhtasari wa siku hiyo ninao, na maneno hayo niliyaandika kwa mkono wangu.

Mwaka 2013 sinodi ilituita kwenye semina ya viongozi wa madarasa, na siku ya mwisho tulikwenda Ribe kuomba penye makaburi ya wamisionari wa kwanza. Rebecca Wakefield, mkewe Thomas, alifariki Ribe mwaka 1873 akiwa bado kijana. Nilisimama pale nikijiuliza ni mwanamke gani wa Ribe aliyemgeuza kitandani katika siku zake za mwisho, na nikamkumbuka yule jirani Mwislamu, na lile benchi la nne. Jioni hiyo mchungaji mmoja mstaafu akatueleza asili ya neno "darasa" katika Methodisti, ambalo mimi nilikuwa nimelisikia tangu utotoni na kudhani maana yake ni mafundisho tu.

Alisema kwamba Februari 1742, mjini Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley, mwanzilishi wa Methodisti, walikuwa na deni la nyumba yao ya ibada. Nahodha mmoja aitwaye Foy akapendekeza kila mtu atoe peni 1 kwa wiki. Wenzake wakasema wako maskini wasioweza. Akawajibu wampe yeye 11 walio maskini kuliko wote. Atawatembelea kila wiki, wakiwa na kitu watatoa, na wasipokuwa nacho atawatolea yeye pamoja na peni yake. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Na wale waliokuwa wakizunguka kukusanya peni wakaanza kurudi na habari: huyu ni mgonjwa, huyu hajala, huyu amerudia ulevi. Wesley akatambua kwamba amepata jambo kubwa kuliko deni la jengo, yaani njia ya kumjua kila mtu kwa jina lake na hali yake. Darasa la Wamethodisti lilitokana na peni ile.

Nililia pale nilipokaa. Tulikuwa na mchango kama wao, na watu kama wao. Tofauti ilikuwa kwamba wao waliufuata mchango nyumbani kwa mtu, nasi tulimwita mtu aulete mezani kwetu.

Tuliporudi tuliacha kusoma majina siku hiyo hiyo. Tuliwagawa wanawake kwa ujirani, vikundi vya watu 8 hadi 12, na kila kikundi kikamchagua mama mmoja wa kukizunguka kati ya Jumapili na Jumanne. Hakupewa lengo la fedha. Alipewa daftari dogo ambalo kila ukurasa tuliupigia mstari katikati kwa rula: safu ya kwanza "mchango", safu ya pili "hali". Safu ya kwanza inaruhusiwa kubaki tupu. Ya pili hairuhusiwi. Anayezunguka asipomkuta mtu, huandika hivyo na kurudi kesho yake. Jumatano fedha zote huwekwa katika bahasha moja bila majina, na kinachosomwa kwa sauti ni safu ya pili peke yake, tena kwa idhini ya mwenye habari.

Haikuwa rahisi. Wazungukaji wa mwanzo walikuwa wanarudi na safu ya pili imeandikwa "mzima" kutoka juu hadi chini, kwa kuwa walikuwa wanasimama mlangoni na kuondoka. Tukakubaliana kwamba lazima uketi, na lazima uandike jambo moja usilolijua wiki iliyopita. Wengine walichoka kwa umbali, na ikatubidi tuwape nauli ya bodaboda kutoka mfukoni mwa umoja, jambo lililopingwa sana na waliodhani ni malipo. Wawili walichukua siri za nyumba za watu wakazitembeza kisimani. Hao tuliwaondoa, mmoja akiwa ndugu yangu, na nyumbani tulikaa miezi bila kusalimiana vizuri.

Lakini kufikia mwaka 2016 tulikuwa wanawake 67. Mapato ya wiki, ambayo hakuna aliyelazimishwa kuyatoa, yalizidi yale ya siku za kusoma majina. Makanisa mengine manne ya sakiti yalichukua utaratibu huu, na tuliwapa madaftari tuliyokwisha kuyapigia mistari. Vijana walioolewa karibuni tuliwapata kwa shida zaidi, mpaka tulipowaachia kikundi chao wenyewe na saa yao wenyewe, jioni, na ruhusa ya kuzungukana kwa simu pale mtu anapofanya kazi mbali. Mimi niliona simu haitoshi. Walinionyesha ukurasa wao wa safu ya pili, ulikuwa umejaa kuliko wetu, nikanyamaza. Cheo cha mwenyekiti, nilichokuja kukishika baada ya ukatibu, nilikiacha mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya wakati niliopaswa kukiacha.

Mjane wa muhogo alikuwa amerudi zamani. Nilikwenda kwake mwenyewe mwaka 2013, mara tatu, na mara mbili za kwanza hakufungua mlango. Mara ya tatu nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama uani, naye alinisikiliza akiendelea kumenya muhogo, kisha akanisogezea kigoda. Baadaye kikundi cha upande wetu kilimchagua awe mzungukaji, na ndiye mpaka leo.

Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa goti. Jumatatu moja alasiri aliingia, akavua viatu, akaketi kando ya kitanda na kulitoa daftari kwenye mkoba. Nilipapasa chini ya mto nikakuta sina hata shilingi, kwa kuwa zote zilikuwa zimekwenda kwa dawa, nikaanza kumweleza. Alinionyesha kwa mkono nisijisumbue, akaiacha safu ya kwanza tupu. Akauliza kuhusu goti, kuhusu usingizi, na kuhusu dada yangu aliyekuwa akiniuguza. Kisha akaandika polepole katika safu ya pili, akanigeuzia daftari nisome: "Anakanyaga kidogo. Halali vizuri. Dada yake anarudi Malindi Ijumaa. Ijumaa nitalala hapa."